Redio, Chati na Vishikwambi: Nusu Karne ya Kumtafuta Mtoto Aliyebaki Nyuma

Januari 1974 shule za msingi nchini Kenya zilifungua milango zikapokea watoto wengi kuliko zilivyowahi kuona. Mwezi mmoja kabla, Rais Jomo Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba karo ya darasa la kwanza hadi la nne imefutwa. Mwaka 1973 darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi wapatao 379,000; mwaka uliofuata walikuwa takriban 959,000. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, wala madawati, wala vitabu. Vijana ambao hawakuwa wamesomea ualimu walipewa chaki wakaambiwa wafundishe. Kisha shule zikaanza kutoza ada za ujenzi ili zipate mahali pa kuwaweka watoto hao, na wengi walioingia kwa shangwe wakaondoka mmoja mmoja bila mtu kuuliza wamekwenda wapi.

Waliobaki walikuwa na mlima wao, nao ulikuwa darasa la nne. Tangu 1957, Kituo Maalum cha serikali jijini Nairobi kilikuwa kimejaribu kufundisha kwa Kiingereza kuanzia siku ya kwanza ya shule, na mbinu hiyo ikasambaa nchini katika miaka ya 1960 kwa baraka za Tume ya Ominde. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ikapendekeza njia ya kati: lugha ya eneo itumike hadi darasa la tatu huku Kiingereza kikifundishwa kama somo, kisha kuanzia darasa la nne Kiingereza kibebe masomo yote. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa na busara. Darasani mambo yalikuwa mengine. Mtoto wa Siaya au Kitui aliyekuwa akijumlisha vizuri kwa Kijaluo au Kikamba alirudi kutoka likizo ya Krismasi akakuta hesabu zilezile zimegeuka fumbo. Mwalimu, ambaye Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha kubahatisha, akampa alama za chini. Mzazi akaona alama, akaamini kwamba mwanawe hana kichwa cha masomo. Mtoto naye akaamini.

Mwaka uleule wa 1974, mbali kabisa na Kenya, jaribio lilianza ambalo baadaye lingegusa watoto wa aina hiyo. Katika mkoa wa Masaya nchini Nikaragua, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakishirikiana na wenyeji walianza kufundisha hisabati kwa redio, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID. Redio za shule zilikuwapo kwa miaka mingi kila pembe ya dunia, lakini karibu zote zilihutubu na watoto wakasikiliza. Wale wa Masaya walifanya jambo jingine. Waliandika masomo ambamo sauti inauliza, inanyamaza, inamwacha mtoto ajibu kwa sauti, kisha inatoa jibu. Baada ya hapo mwalimu anaendeleza kazi ubaoni. Kila mara watoto walipimwa, na masomo yaliyowashinda yakaandikwa upya.

Matokeo yalishangaza. Shule kadhaa zilipewa vitabu vya hisabati, nyingine redio, nyingine zikaendelea kama kawaida. Vitabu vilisaidia kiasi. Redio ilisaidia mara kadhaa zaidi ya vitabu. Lililo kubwa kwangu ni hili: pengo kati ya watoto wa mashambani na wa mjini lilipungua. Ni nadra sana chombo kipya kupunguza pengo, kwa sababu kwa kawaida aliye mbele ndiye anayekidaka kwanza. Mapinduzi ya 1979 yaliukuta mradi ukielekea ukingoni, lakini wazo lilikuwa limeshasafiri.

Lilitua Nairobi mwaka 1980. Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ikishirikiana na Center for Applied Linguistics ya Washington, tena kwa fedha za USAID, ilianza kuandaa vipindi vya kufundisha Kiingereza katika madarasa matatu ya chini ya shule za mashambani. Kila siku ya shule, nusu saa.

Fikiria kipindi kimoja. Mwalimu anaweka redio ya betri juu ya meza, anazungusha kitufe hadi mkoromo uishe. Sauti inawasalimia watoto, inanyamaza, na darasa zima linaitikia. Inawaambia wasimame, wanasimama. Inawataka waguse pua, waguse dawati, waonyeshe mlango, na baada ya kila amri kuna kimya kilichopimwa kwa sekunde, kirefu cha kutosha kwa mtoto mzito kufikiri na kifupi cha kutosha ili mwepesi asianze kuchokoza jirani. Jibu linakuja. Aliyenyoosha mkono kuelekea dirishani anaugeuzia mlangoni, na hakuna aliyemwona, kwa kuwa kila mtu ana shughuli yake. Sauti inamwomba mwalimu aandike neno ubaoni. Wimbo unafuata. Katika nusu saa, kila mtoto darasani amesema Kiingereza mara nyingi, hata yule wa dawati la nyuma ambaye kwa kawaida angemaliza muhula bila kuitwa jina.

Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wote. Katika darasa la watoto 60, mwalimu akiuliza swali wananyanyua mikono walewale watano, na ratiba ya siku inakwenda nao. Redio haikuwajua hao watano. Kwa kuwa haikuweza kuona nani kanyoosha mkono, ililazimika kungoja darasa zima. Kwa kawaida tunalieleza hilo kama udhaifu wa redio, kwamba haimwoni mwanafunzi. Kwa mtoto aliyezoea kurukwa, kutoonekana huko kulikuwa rehema. Wanafunzi wa vipindi hivyo walipopimwa dhidi ya wenzao ambao hawakuwa na redio, walikuwa mbele katika kusikiliza na katika kusoma.

Mradi ulifika mwisho 1985, na mwaka huohuo mfumo wa 8-4-4 ukaingia na silabasi mpya. Vipindi vilikuwa vimepangwa siku kwa siku kufuata silabasi iliyotangulia. Kuviandika upya kungehitaji fedha, na mfadhili alikuwa amefunga daftari lake. Kwa hiyo kazi iliyofanywa na Wakenya katika studio za Nairobi ikapata makao Lesotho, ambako vipindi vilirekebishwa vikatumika shuleni. Na miaka 20 baadaye mbinu hiyohiyo ilifika Zanzibar kwa Kiswahili, katika vipindi vya Tucheze Tujifunze vilivyowalenga watoto wa chekechea, wakiwemo wa vijiji ambavyo havikuwa na shule ya karibu. Kenya, iliyokuwa na tanuri, ilikuwa imewaachia wengine mkate.

Katika miaka ya 1990 hadithi inahamia mpakani magharibi, Busia na Teso. Huko shirika moja la hisani la Kiholanzi lilikuwa likisaidia shule za msingi, na mchumi Michael Kremer, aliyewahi kufundisha sekondari magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akaomba msaada huo utolewe kwa utaratibu wa kura: shule zitakazopata kwanza zichaguliwe bila upendeleo, zilinganishwe na zitakazongoja. Mwaka 2019 Kremer, Esther Duflo na Abhijit Banerjee walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo, na sehemu kubwa ya mizizi yake iko katika vumbi la Busia.

Jaribio moja lilihusu chati. Shule 178 ziliingia, nusu yake zikapewa chati kubwa za kugeuza, zenye michoro ya rangi ya masomo ya madarasa ya juu, pamoja na ramani ya ukutani ya Afrika Mashariki. Mantiki ilikuwa nzuri. Mtoto anayepata shida kusoma kitabu cha Kiingereza ataweza kuona picha ya moyo na mishipa, ataona mto ukitoka ziwani, na mwalimu atakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya ubao mweusi uliopauka. Nani angepinga?

Watafiti walilinganisha pia shule zilizokuwa tayari na chati na zile ambazo hazikuwa nazo. Zenye chati zilikuwa mbele katika mitihani, na kwa kiasi cha kuvutia. Mtu wa wizara angeona takwimu hizo angeagiza chati za nchi nzima kesho yake. Lakini shule zilizopewa chati kwa kura, zilipopimwa, hazikuwa tofauti hata kidogo na zile ambazo hazikupewa. Kilichokuwa kimewadanganya watu ni kwamba shule inayojinunulia chati huwa tayari ina mwalimu mkuu makini, wazazi wanaochanga na walimu wanaofika kazini. Chati ilikuwa alama ya shule nzuri. Haikuifanya shule kuwa nzuri. Natamani kila waziri wa elimu na kila mwakilishi wa kampuni anayeingia ofisini na sampuli mkobani wangelisoma jaribio hili kabla ya kupeana mikono.

Vitabu navyo vilipimwa, kuanzia 1996, na hapa matokeo yanauma zaidi. Kwa wastani, vitabu vya kiada havikuinua alama. Vilipotazamwa kwa undani, vilikuwa vimewasaidia wanafunzi waliokuwa juu tangu mwanzo. Wengine hawakuweza kuvisoma. Vilikuwa vitabu rasmi, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa Busia Kiingereza ni lugha ya tatu. Mtaala mzima ulikuwa umeandikiwa yule mtoto mmoja ambaye angefaulu kwenda shule ya kitaifa, na waliobaki waliketi pembeni ya somo lake kwa miaka minane.

Januari 2003 Rais Mwai Kibaki alifuta karo tena, safari hii kwa shule yote ya msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Dunia ilifurahi na Kimani Maruge, mzee wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Madarasa ya watoto 80 na zaidi yakawa jambo la kawaida. Mwaka 2005, katika maeneo ya Bungoma na Butere-Mumias, watafiti wa kundi lilelile la Kremer walisaidia shule kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Darasa liligawanywa mara mbili. Katika baadhi ya shule kwa bahati nasibu, katika nyingine kwa kiwango cha watoto, walio mbele pamoja na walio nyuma pamoja. Wengi walihofu kwamba kundi la nyuma lingetupwa. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawanya kwa kiwango zilikuwa mbele, na watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamenufaika. Mwalimu aliyeachiwa walio nyuma alikuwa, kwa mara ya kwanza, na ruhusa ya kufundisha kile ambacho watoto wake hawakukijua.

Ukubwa wa tatizo ulikuja kuonekana wazi wakati wananchi wenyewe walipoamua kupima. Kuanzia 2009, watu wa kujitolea wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma kwa watoto, waliingia vijijini kote nchini wakienda nyumba kwa nyumba, wakifuata mfano wa shirika la Pratham la India. Mtoto wa miaka 6 hadi 16 aliketi uani akapewa karatasi: herufi kadhaa, maneno kadhaa, aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Akishindwa na hadithi anarudi kwenye aya, akishindwa na aya anarudi kwenye maneno. Mama anasimama karibu akisikiliza. Wazazi wengi walikuwa hawajawahi kumsikia mtoto wao akisoma kwa sauti, na baadhi waligundua hapo, mbele ya mgeni, kwamba msichana wao wa darasa la tano anashika herufi tu. Ripoti za mwanzo zilieleza kwamba watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kufanya kazi ya darasa la pili. Shule ilikuwa imejaa, na watoto walikuwa ndani yake, wakipanda darasa kila Januari.

Jibu la wanasiasa lilikuwa vipakatalishi. Katika kampeni za 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kila mtoto anayeingia darasa la kwanza kipakatalishi chake, na baada ya Uhuru Kenyatta kuapishwa Aprili mwaka huo, ahadi ikawa mpango wa serikali. Zabuni ya Sh24.6 bilioni ilitolewa 2014 ikafutwa kwa sababu ya malalamiko ya ununuzi. Mpango ukapangwa upya: badala ya kipakatalishi cha mtoto, shule ipewe vishikwambi vya darasa la kwanza, vifaa vya walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhi masomo. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta vilipewa kazi hiyo pamoja na kampuni za kigeni, majaribio yakaanza katika shule 150 mwaka 2016, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vikafika shule zaidi ya 20,000.

Sitaki kuudharau mpango huo. Uliacha jambo moja la maana ambalo halikuwa kwenye mabango: umeme. Ili vishikwambi viwe na pa kuchajiwa, nyaya au paneli za sola zilipelekwa katika maelfu ya shule ambazo hazikuwa na hata balbu moja. Lakini kwa habari ya kusoma, vifaa vilifika bila kujua mtoto yuko wapi. Kila mtoto alipata masomo ya kiwango cha darasa lake, kile ambacho Uwezo ilikuwa imeonyesha kwamba wengi hawakifikii. Walimu walipewa mafunzo ya siku chache. Mwalimu mkuu akijua kwamba wezi wakija atajibu yeye, aliweka vyuma madirishani, akafungia vifaa kabatini, akatia ufunguo mfukoni. Simlaumu.

Wakati siasa za zabuni zikiendelea, Kisumu kulikuwa na jaribio dogo lililostahili kelele nyingi kuliko lilivyopata. Mradi wa PRIMR, uliofanywa na wizara na shirika la RTI, tena kwa fedha za USAID, ulikuwa umeandaa vitabu rahisi vya kusoma na miongozo ya walimu. Mnamo 2013 uliuliza: mashine tukiiweka mkononi mwa nani, mtoto atasoma vizuri zaidi? Kundi moja la shule lilipewa visomeo vya kielektroniki kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili, vishikwambi kwa walimu. La tatu halikupewa kifaa chochote shuleni. Kishikwambi alipewa mkufunzi wa kituo cha walimu, yule anayezunguka kwa pikipiki kuwatembelea walimu wa eneo lake.

Makundi yote matatu yalisonga mbele kuliko shule ambazo hazikuwa katika mradi. Lakini kumpa kila mtoto kifaa hakukuzidi kwa maana yoyote kumpa mkufunzi mmoja kifaa kimoja, na tofauti ya gharama ilikuwa kubwa mno. Kilichokuwa kikifanya kazi ni mwalimu mwenye mwongozo mzuri, mtoto mwenye kitabu anachokiweza, na mtu anayekuja kuketi nyuma ya darasa kisha akazungumza na mwalimu kwa heshima kuhusu alichoona.

Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, ilijengwa juu ya ugunduzi huo. Kuanzia 2015 iliingia katika shule za umma za msingi nchi nzima, kwa darasa la kwanza na la pili kwanza. Kila mtoto alipata kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili, akisoma silabi zilezile za ba, be, bi, bo, bu ambazo bibi yake alizisoma, lakini kwa mpangilio uliofikiriwa: mwalimu anasoma, darasa linasoma naye, kisha mtoto anasoma peke yake. Mkufunzi, ambaye sasa anaitwa afisa wa kusaidia mtaala, anaingia na kishikwambi. Anafuatilia somo. Likiisha, anachukua watoto watatu bila kuchagua, kila mmoja anasoma kwa dakika moja, naye anagusa kioo kila neno linapokosewa. Kifaa kinahesabu, kinamwonyesha mwalimu watoto wake wako wapi, na kinatuma taarifa kwenye kaunti na Nairobi. Kinarekodi pia mahali afisa alipo, na malipo ya usafiri yakafuata ziara zilizofanyika kweli. Kwa sababu hiyo walimu walianza kutembelewa. Tathmini za nje zilionyesha watoto wakisoma vizuri kuliko waliowatangulia, katika lugha zote mbili.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona. Vishikwambi vya serikali vilibaki makabatini, na KICD, mrithi wa KIE, ikarudi hewani kwa redio na runinga kwa watoto waliokuwa na redio au runinga nyumbani. Madarasa machache yalirejea Oktoba, mengine yote Januari 2021. Mwaka huo Usawa Agenda, iliyoendeleza kazi ya Uwezo, ilipima tena, na chini ya nusu ya watoto wa gredi ya nne waliweza kusoma Kiingereza cha gredi ya tatu ipasavyo.

Julai 2025 USAID ilifungwa. Ndiyo iliyokuwa imelipia redio ya Masaya, redio ya Nairobi, PRIMR na Tusome, na mara mbili sasa Kenya imeachiwa kitu kinachofanya kazi na hundi iliyokatika. Safari hii kuna tofauti. Maafisa wale ni waajiriwa wa Tume ya Huduma ya Walimu, mishahara yao inatoka katika kodi zetu, na hakuna mfadhili anayeweza kuondoka nao. Wanajua kila shule ya eneo lao na kila njia inayofungwa na mvua. Wanachohitaji kutoka katika bajeti ya serikali ni petroli ya pikipiki na nakala mpya za vitabu vilivyochanika, na fedha hizo ni kidogo mno zikiwekwa kando ya zabuni ya 2014.